Neno Nililomnyima Mama

Asubuhi ile ya kikao naikumbuka, mwanangu, hata siku hizi ninapochanganya majina ya wajukuu na nyinyi mkanicheka. Niliamka mapema kukata nyasi mbichi za kutandika ndani, kwa sababu wazee wa ukoo walikuwa wanakuja kwetu Nyaishozi kuzungumza habari ya mama yangu. Baba alikuwa amefariki miezi minne kabla ya hapo. Nikatandika nyasi, nikaweka kahawa za kutafuna kwenye kikapu kidogo kama tunavyopokea wageni. Nilijua mama atasema nini. Tena nilijua kwamba ni mimi niliyemfikisha hapo.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, unielewe.

Ilikuwa miaka ile baada ya vita ya Hitla. Kando ya njia kulikuwa na kanisa dogo la nyasi, na mwalimu wa dini aliyeitwa Zakaria, Mhaya aliyetoka upande wa Bukoba na mke wake. Alikuwa anatufundisha kusoma asubuhi, kisha tunakwenda shamba. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu hivi, mwepesi wa kusoma kuliko wavulana wote, na majivuno tele. Nikabatizwa, nikaitwa Rakeli. Nilirudi nyumbani siku hiyo kama mtu aliyepewa ufalme.

Mama yangu, Kokushubira, alikuwa mwanamke wa maneno machache. Alizaa watoto watano, wanne wakafa wachanga, nikabaki mimi. Alikuwa akimenya ndizi za jioni, nami nakaa karibu naye namsomea habari za Yesu, nikizigeuza kwa Kinyambo pale asipoelewa. Mwanzoni alikuwa anaguna tu. Baadaye akaanza kuuliza. Siku moja kisu kikasimama mkononi mwake, akaniuliza:

"Huyo Yesu wenu, mtu kama mimi anamtaka nini?"

"Hataki kitu, mama. Unakuja tu."

"Hakuna kitu kabisa?"

"Kabisa."

Nilimjibu hivyo, mwanangu, kwa wepesi, kama mtu anayemwelekeza mwenzake kisimani. Sikuwa mwongo. Nilikuwa sijui. Mimi mwenyewe nilikuwa sijaacha kitu chochote.

Mama alichukua miaka miwili kufikiri. Baba hakumkataza. Alicheka akasema mke wake amekuwa mwanafunzi uzeeni. Akabatizwa, akaitwa Marta, na kutoka siku ile alishika imani kwa namna iliyonitia aibu kidogo, maana mimi nilikuwa naimba sana, na yeye alikuwa anatenda. Jirani aliyetutukana akiugua, mama ndiye anayempelekea uji. Matambiko ya ukoo aliacha kuyapikia, akawaambia kwa upole sababu yake, na akavumilia maneno.

Ndipo baba akashikwa na kifua, akafa.

Desturi yetu unaisikia tu siku hizi, lakini wakati ule ilikuwa na nguvu kama serikali. Mjane asiye na mtoto wa kiume alirithiwa na ndugu wa marehemu, na kibanja, yaani shamba lote la migomba na kahawa pamoja na nyumba, kilibaki cha ukoo. Aliyepaswa kumrithi mama ni baba mdogo Bitegeko. Usimfikirie vibaya. Alikuwa mtu mwema, mwenye wake wawili na mkono mwepesi wa kutoa. Kwake yeye kumchukua mama ilikuwa ni kumtunza.

Basi wazee wakaja, wakaketi. Wakatafuna kahawa. Mzee mkuu wa ukoo akasema maneno mazuri juu ya baba, kisha akamgeukia mama aliyekuwa ameketi kwenye mkeka karibu na mlango.

"Mke wetu, kilio kimekwisha. Bitegeko yupo tayari. Unasemaje?"

Mama akainamisha kichwa kwa heshima. "Wazee wangu, nawashukuru. Shemeji yangu namheshimu, hajawahi kunikosea. Lakini nimebatizwa. Siwezi kuwa mke wa mtu mwenye wake. Naomba mniache nikae hapa na mtoto wangu, nilime, niwahudumie kama dada yenu."

"Dada yetu anaolewa anaondoka," mzee mmoja akasema. "Hapa anakaa mke. Ukikataa mume, umekataa kibanja."

"Nimesikia."

"Na unakataa?"

Mama alitazama nje, kwenye migomba. Alikipenda kibanja kile. Migomba mingine aliipanda yeye kwa mkono wake, na wale watoto wake wanne walikuwa wamezikwa humo humo. Hatimaye akasema, "Siwezi kumwacha Bwana, wazee wangu. Mnisamehe."

Baba mdogo Bitegeko alikuwa anatazama chini. Nadhani alikuwa anaona aibu kuliko hasira. Ndipo mzee mkuu akanigeukia mimi.

"Na wewe, binti. Tunaambiwa ndiwe uliyeleta vitabu hivi humu ndani. Nawe una neno hilo hilo la mama yako?"

Wote wakanitazama. Mama naye akanitazama.

Nikuambie ukweli sasa, maana nimeufunika miaka mingi kwa maneno mazuri. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Kijana wa Bugene alikuwa ameshaleta posa kwa ajili yangu, nami nilikuwa nampenda. Nilijua nikisema ndiyo, ukoo utanikataa pamoja na mama, na posa inakufa siku hiyo hiyo. Nikaiona nyumba, nikaiona harusi yangu, nikamwona mama, na moyo ukawa mdogo kama punje.

Nikasema, "Mimi ni mtoto wa ukoo. Nitakaa kwa baba mdogo." Wala sikuishia hapo. Nikaongeza, na hakuna aliyeniuliza, "Mambo ya dini mama ameamua mwenyewe."

Mama aliondoa macho kwangu, akaanza kunyoosha ukingo wa mkeka kwa vidole, taratibu, kama vile mkeka ndio uliokuwa na shida.

Wakati ule mwalimu Zakaria alikuwa amepangiwa kwenda Isingiro kuanzisha kanisa, safari ya siku tatu kwa miguu. Yeye na mke wake wakamwambia mama afuatane nao. Akachukua jembe, chungu kimoja, mkeka na nguo zake. Nilimbebea chungu hadi mwisho wa migomba. Pale akakipokea, akaniambia, "Rudi, mwanangu. Wasije wakakuona unanisindikiza wakakuhesabu pamoja nami." Akanishika shavu, akaenda. Hata katika kufukuzwa alinifikiria mimi.

Niliolewa Bugene. Mume wangu alikuwa mtu mzuri, tukalima kahawa, tukapata watoto. Kanisani niliaminiwa. Nikawa kiongozi wa akina mama, nikikaa benchi la mbele, na mara nyingine nilitoa ushuhuda juu ya mama yangu aliyeacha yote kwa ajili ya Bwana. Watu walikuwa wanafuta machozi. Sikuwaambia alipoacha yote mimi nilikuwa wapi.

Mwaka wa nne tangu aondoke nikaenda kumwona, mtoto wangu wa kwanza mgongoni. Nilimkuta katika kijumba nyuma ya kanisa, amekonda, mikono imekuwa migumu kama ya mwanamume. Alikuwa analima kwenye vibanja vya watu, wanampa mkungu wa ndizi au maharage. Aliponiona alipiga kelele kwa furaha, akamchukua mtoto, hakumshusha siku nzima.

Jioni tukamenya ndizi pamoja. Nikamuuliza, "Mama, unajuta?"

Akafikiri. Hakuwa mtu wa kujibu haraka. "Kumfuata Bwana sijutii. Siku za kwanza nililia sana, sikufichi. Niliwalilia wale wadogo niliowaacha ndani ya migomba. Njaa nayo niliijua. Lakini kujuta, hapana." Akamenya ndizi nyingine. "Kitu kimoja tu kiliniuma. Siku ile ya wazee nilikutafuta kwa macho. Sikutaka uje nami, Rakeli. Ulikuwa na maisha yako. Nilitaka useme tu kwamba ni wewe uliyenisomea."

Pale ndipo palikuwa mahali pa kupiga magoti, mwanangu. Pale pale, na maganda ya ndizi mikononi. Badala yake nikasema, "Nilikuwa mtoto, mama."

Akaniangalia kwa upole. "Ndiyo," akasema. "Ulikuwa mtoto." Akamkorogea mjukuu wake uji, habari ikaishia hapo. Kesho yake nikaondoka, nikijiambia safari nyingine nitayasema vizuri, nitaomba msamaha kama inavyotakiwa.

Ikaja mimba, ukaja msimu wa kahawa, ikaja mikutano ya akina mama ambayo mimi ndiye niliyekuwa naiongoza. Miaka miwili ikapita. Wakati wa masika mtu akaleta habari kwamba mama ameshikwa na homa ya mapafu. Njia zilikuwa tope tupu, madaraja ya miti yamechukuliwa na maji. Nilipofika Isingiro alikuwa na siku mbili kaburini.

Nilikuta wanawake wengi wameketi pale nyumbani kwake, wamejifunga majani ya migomba viunoni kama wafiwa. Wote walikuwa wanamwita mama, na sikumjua hata mmoja. Mimi mtoto wake nikasimama mlangoni kama mpita njia. Mmoja wao, mwanamke mzima mwenye kovu shavuni, akaniuliza mimi ni nani. Nikamwambia. Akasimama, akanikumbatia, akawageukia wenzake akasema, "Ndiye huyu! Ndiye Rakeli, binti aliyemfundisha mama kusali. Kila mara alipokuwa anatufundisha, alikuwa anatuambia, haya niliyapata kwa binti yangu."

Nililia mpaka wakadhani ni kilio cha kufiwa. Alikuwa amelisema yeye, mbele ya watu, kila mara, neno nililoshindwa kulisema mara moja.

Nilimwambia mwenye kovu ukweli kabla sijaondoka. Yeye ndiye wa kwanza kuusikia. Hakunitia moyo wala hakunilaumu. Alisema tu, "Pole, dada." Mungu nimemwomba msamaha, naamini amenisamehe. Lakini mama sikumwomba, na hilo halitengenezeki tena duniani.

Sasa sikia, mwanangu, wewe unayejiandaa kwa kipaimara huku mkipanga picha na pilau. Sikukatazi kufurahi. Ila usimwambie mtu kwamba kumfuata Kristo hakugharimu kitu, kama nilivyomwambia mama. Wokovu tunapewa bure, ndiyo, lakini kuushika kutakudai, na hujui kitakachodaiwa ni kipi: shamba, mchumba, jina lako kwa ndugu zako. Ujiulize mapema, kabla wazee hawajaketi. Na ukimleta mtu katika imani, usimwache njiani alipe peke yake. Hata kama huwezi kubeba mzigo wake, simama, useme, "Huyu yuko nami, na ni mimi niliyemleta." Ni neno dogo. Mimi niliona litaniharibia maisha, kumbe kutolisema ndiko kulikoniharibia. Na kama kuna mtu umemkosea, nenda wiki hii. Usingoje maneno yapangike vizuri.

Haya, sogea hapa nikuwekee mkono. Bwana akupe kinywa kisichokimbia siku ya kuulizwa. Akupe watu wa kusimama nawe, nawe usimame nao. Miguu yako ifike kwa uliowakosea wangali hai, na utakapozeeka kama mimi, uwasimulie watoto wako habari nyepesi kuliko hii yangu. Amina.