Lazare na Kutu ya Kiti cha Mama

Wanaostahili kushukuriwa hadharani ni wengi kuliko wanaoshukuriwa, na aibu hiyo ni yetu. Mimi naanza na mmoja: Lazare, fundi wa viti vya magurudumu katika karakana moja ya Seven Hills, huku ughaibuni, Mrundi aliyekulia kambi ya wakimbizi Kigoma.

Nilimjua siku alipotumwa kutunyang'anya kiti.

Mama yangu, Bi Mize, mzaliwa wa Tanga, ana miaka themanini na mmoja na miguu yake haimbebi tena. Tunaishi Botany, karibu na maji. Kila asubuhi nilimsukuma hadi ufukweni, akae na bibi mmoja wa Kigiriki. Hawana lugha moja. Wana mbegu za maboga. Julai hii, katikati ya baridi ya huku, breki ilikwama, na gurudumu dogo la mbele likagoma kugeuka. Kampuni inayotukodishia kiti ilipiga picha, kisha ikaleta barua: kiti kimeharibiwa kwa matumizi mabaya, kitachukuliwa Ijumaa, na mama aombe kingine upya. Maombi mapya huchukua miezi. Kumfungia mtu wa umri ule ndani kwa miezi ni dhuluma, na niliwaambia hivyo kwa simu, kwa sauti ambayo siijutii.

Ijumaa Lazare, fundi wa kampuni hiyo, akafika na gari la mizigo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunizika?"

"Nimekuja kutazama kwanza. Kuzika kuna watu wake."

Akapiga magoti, akafungua gurudumu lile dogo, akachokoa kitu cheupe kwa ncha ya bisibisi. Akakinusa, akanigeukia.

"Kaka Khamis, hiki ni nini?"

Mama akanitangulia kujibu.

"Mafuta ya nazi. Mimi ndiye niliyemwambia ayapake. Tanga tuliyapaka nywele, cherehani na bawaba za milango, na hakuna kilicholalamika."

"Nazi ya Tanga, Bibi, haijaonana na Julai ya hapa. Imeganda kama siagi, na mchanga umenasa humo."

"Na nyinyi Kigoma mlipaka nini? Mawese?"

"Mawese tuliyala. Baiskeli tuliipa oili chafu ya lori, vumbi likagandana nayo, mnyororo ukalika. Nimetengeneza baiskeli za kambi miaka tisa, Bibi. Makosa yenu nimeyatangulia yote."

Breki ilikuwa na kesi nyingine. Pale palikuwa na kutu tupu, na nazi haikufika. Lazare alinionyesha kibandiko cha kampuni: kiti kilifanyiwa huduma mara mbili, na kila mara kilipulizwa dawa ya kopo ya aina moja tu, kuanzia fremu hadi breki. Dawa ile nyepesi, alisema, hufukuza maji na kulegeza nati iliyokwama, na kwa kazi hiyo ni nzuri. Lakini haidumu, na baada ya muda mfupi chuma kinabaki uchi mbele ya chumvi ya bahari.

"Fremu inataka dawa ya nta. Beringi zinataka grisi isiyooshwa na maji. Egemeo la breki, pale inapozungukia, linataka kilainishi kikavu, mchanga ukose pa kushika. Nimeyasema haya karakanani mwaka mzima."

Nikamtaka aandike kwenye ripoti yake kwamba kosa lote ni la kampuni. Akakataa.

"Nazi nitaiandika, kaka."

"Nazi ndiyo wanayoitafuta. Ukiiandika umewapa kiti."

"Nikiificha nazi, hawataiamini kutu."

Nilikasirika, ndio ukweli. Nimepigania haki za watu mji huu mzima, na hapa palikuwa na mtu anayenidai haki inayoniuma mimi.

Simu yake ikalia, akaipokea kwa spika. Alikuwa msimamizi wake, Douglas, akiuliza kama kiti kimeshapakiwa.

"Bado. Kina ubovu wa aina mbili. Mmoja ni wa mteja, na ni wa kusafisha tu. Mwingine ni wetu."

"Uliambiwa ukichukue."

"Niliambiwa kimeharibiwa na mteja. Nina picha za breki na za kibandiko. Nikikileta, zinakuja nacho. Nikikitengeneza hapa, zinakuja vilevile."

Mama aliushika mkono wa kiti kwa vidole vyote.

"Una vifaa garini?" Douglas akauliza.

"Ninavyo."

"Basi kitengeneze."

Lazare alifanya kazi kwa muda wa saa mbili. Alisugua kutu kwa brashi ya waya, akaosha mchanga, akakausha, kisha akakipa kila kiungo dawa yake, akiufunika mpira wa gurudumu kwa kitambaa ili breki isije ikateleza. Alipomaliza, mama akampa chupa ya nazi iliyobaki.

"Ya kichwa hii."

"Bibi, kichwa hiki hakina nywele."

"Ndiyo maana nakupa."

Barua ya kampuni ilifutwa bila neno la kuomba radhi, na kwa hilo nitaendelea kuwaandikia. Lakini Jumamosi asubuhi nilimfikisha mama ufukweni, nikaivuta breki kwa kidole kimoja, ikashika. Bibi wa Kigiriki alikuwa amekwisha kufungua mfuko wa mbegu.