Ngumi Moja ya Unga kwa Ziwa Garda

Nilipokuwa mtoto hapa Durban, bahari ilikuwa dakika chache tu kutoka kwetu Overport, lakini nyumbani yalizungumzwa maji ya ziwa tu. Nyanya, mama yake baba, alizaliwa Uvira, mji wa Kongo ulio kando ya ziwa, na kwake bahari ilikuwa maji yasiyo na adabu. Nilipofika miaka kumi likaongezeka ziwa la pili: Garda, la Italia. Dada yangu Aline alikuwa ameolewa na Mkongomani mwenzetu aliyefanya kazi hotelini huko, na visa yake ya kumfuata ilikuwa imetoka.

Nikaazima kitabu maktaba. Nyanya akanikalisha jikoni nimsomee huku akitwanga sombe, majani ya muhogo.

"Iko na milima?"

"Iko, Nyanya. Kaskazini ni jembamba, milima imelibana huku na huku. Kusini linapanuka, nchi ni tambarare. Iko mizeituni na malimau."

"Malimau nitakula mimi? Niambie upepo."

Nikasoma: alfajiri unatoka kaskazini, mchana unageuka, unatoka kusini. Nyanya akaacha kutwanga.

"Ni kama letu. Ziwa la milima halina huruma na mgeni."

Kesho yake akafunga ngumi moja ya unga wa muhogo kwenye mfuko wa plastiki, akamwelekeza Aline: siku ya kwanza, kabla hajagusa maji, asimame ufukweni, arushe unga, ataje jina lake na la baba yake, kisha awaulize wenyeji ziwa limeamkaje. Mama, shemasi wa kanisa letu, akasema sisi tumeokoka. Nyanya akajibu kwamba hata waliookoka hupiga hodi. Aline akacheka, akautia unga sandukuni.

Mimi ndiye niliyeutoa. Nilikuwa nimeona kwenye televisheni mtu akikamatwa uwanja wa ndege na kitu cheupe kama hicho, kwenye mfuko kama huo. Na sisi wa makaratasi ya ukimbizi tulimwogopa askari hata akitusalimia. Asubuhi ya safari, Aline akiwa anaoga, nikaumwaga wote kwenye sinki na kufungulia maji. Sinki likaziba. Nilipigwa kofi kwa ajili ya sinki. Ya unga sikusema.

Wiki ya tatu simu ikalia. Aline na shemeji walikodi kiboti cha makasia asubuhi, maji yametulia kabisa. Mchana upepo ukageuka, kiboti kikapinduka. Watu wa mashua ya injini waliwaokoa. Shemeji alivunjika mkono, na Aline alikuwa bado hospitali, maji yamemwingia kifuani, sauti yake haitoki vizuri.

"Ulirusha unga?" Nyanya akamuuliza Aline kwenye simu.

"Niliutafuta, Nyanya, sikuuona. Nikasema basi, twende tu."

Nyanya hakumtazama mtu mwingine yeyote. Alinitazama mimi. Nililia kwa kwikwi, nikamwambia yote: unga, sinki, na hofu yangu ya polisi. Aline alipotoka hospitali, Nyanya akafunga unga mwingine, akaniletea pamoja na bahasha.

"Andika wewe. Si wewe ndiye unaogopa polisi?"

Eish, bibi yule! Nikaandika kwa herufi kubwa, pande zote mbili, kwamba huu ni unga wa muhogo, ni chakula.

Leo ni mtu mzima, na siamini kwamba ziwa lilikasirika kwa kukosa muhogo. Upepo ule hugeuka karibu kila siku ya jua. Niliusoma kwa mdomo wangu mwenyewe. Lakini Aline angekuwa na ule unga mkononi, angesimama kidogo ufukweni, angeuliza, na mwenyeji yeyote angemwambia arudi kabla ya saa sita. Hicho ndicho nilichomwaga kwenye sinki, na bado kinaniuma.

Nyanya amekwisha kufariki. Bahasha ilifika. Aline alisimama, akarusha unga, akataja jina lake na la baba. Halafu, kwa agizo la Nyanya, akataja na langu.