Isale Katikati ya Kihamba

Tangu wimbo wetu uanze kusambaa kwenye simu za watu, kila mwenye mdomo ana lake la kusema. Wapo wanaodai tumetunga stori ya damu ili tupate jina. Wapo wanaosema vijana wa Kichagga wanaopiga muziki wa metal lazima wamejiuza kwa shetani, maana magitaa yanayonguruma vile na sauti ile ya kukwaruza si vya binadamu aliyelala vizuri. Sawa. Hapo kwenye kulala hawajakosea. Lakini stori hatukuitunga. Ilinitokea mimi, kwa macho yangu haya na bega langu hili la kulia, na kama huamini, basi, sikubembelezi.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Kibanda changu kiko Majengo, mjini Moshi. Mchana natengeneza mageti na madirisha, jioni nafanya mazoezi na wenzangu wawili wa bendi. Nyumbani kwetu ni Machame. Huko mama yangu mdogo alikuwa na mtoto mmoja tu, Aikaeli, ambaye kwangu ni dada kabisa, tumekulia mtori wa chungu kimoja. Aikaeli alikuwa akiuza ndizi na parachichi kwenye soko la Kwa Sadala siku za gulio, na alikuwa anacheka kwa sauti mpaka wateja wa meza za mbali wanageuka kuangalia kuna nini.

Aliolewa na mwanamume wa kijiji cha juu yao. Jina lake silitaji. Halistahili mdomo wangu.

Yule bwana alikuwa anampiga. Usiniulize kama watu walijua, walijua sana. Aikaeli alirudi kwao mara kadhaa na uso umevimba, na kila mara wakatokea watu wazima wenye akili zao kumwambia ndoa ni uvumilivu. Basi akavumilia. Kisha mwaka juzi, wakati wa masika, hakuonekana tena. Mumewe akatangaza kwamba mke wake amekimbilia Dar na dereva wa lori. Alisema hivyo huku akitikisa kichwa, mtu wa kuonewa huruma, na watu wakamwonea huruma kweli. Unajua kwa nini waliamini haraka hivyo? Mwanamke akikimbia, anasemwa tu, maisha yanaendelea. Mwanamke akiuawa, inabidi mtu ainuke afanye kitu.

Baada ya muda wazee wa ukoo wa mume wakaja kwa mama mdogo na debe la mbege, pombe yetu ya ndizi, na jani la isale. Kama wewe si mtu wa huku, nikueleze. Isale ni mmea wenye majani marefu ambayo hayakauki mwaka mzima. Tunaupanda mpakani ili jirani asisogeze ardhi, na tunaupanda kaburini, maana sisi huzikana nyumbani, humohumo kihambani, yaani shamba la nyumbani, kwenye migomba na kahawa. Na ukimkosea mtu, unamletea jani la isale limefungwa fundo. Akilipokea, amekusamehe. Kulikataa ni kujitafutia laana, ndiyo maana hata mtu anayetetemeka kwa hasira hulipokea.

Wale wazee wakasema watoto walikoseana, yalitokea magomvi ya ndani, nao kama wazazi wanaomba msamaha kwa yote, wanayoyajua na wasiyoyajua. Baba mdogo, babake Aikaeli, akapokea. Wakanywa mbege, wakaagana vizuri. Sasa tazama ujanja huo! Mtu anakuomba umsamehe kofi, wewe unanyoosha mkono kwa moyo mweupe, kumbe umesamehe kaburi. Nikilifikiria hilo mpaka leo nasikia kichwa kinataka kupasuka.

Mwaka jana yule bwana akanipigia simu. Anajenga sehemu ya kuegesha magari, ndugu zake wakipanda kuja Krismasi wasihangaike, na anataka geti zuri la chuma. Kazi ni kazi, nikaenda kupima. Aliponionyesha eneo, palikuwa katikati kabisa ya kihamba, kati ya zizi na jiko, na hapo kwenye migomba pameota kichaka cha isale changa. Nikashangaa. Nikamuuliza, "Hii isale ya nini hapa?"

"Mpaka," akasema.

"Mpaka na nani? Huku kwako, huku kwako."

Akacheka, akaniambia mafundi wa mjini tunapenda maswali, kwamba hiyo yote itang'olewa na pale patamwagwa zege wiki inayofuata. Nikaandika vipimo vyangu nikaondoka.

Siku chache baadaye nikapanda tena Machame na pikipiki, nimefunga bawaba za lile geti nyuma. Ilikuwa Julai, alasiri, na unaijua Julai yetu: ukungu umeshuka mpaka barabarani, unamwona mtu akiwa tayari yuko mbele ya tairi. Kwa hiyo nilikuwa naenda taratibu. Ndipo nikamwona mwanamke anakuja, mzigo mkubwa wa majani kichwani, anashuka.

Nikaona kichekesho. Kwetu majani ya ng'ombe hukatwa huko chini tambarare, na kina mama hupanda nayo. Ng'ombe wako juu, zizini. Tangu nizaliwe sijaona mtu anayeshusha majani. Anampelekea nani? Nikapunguza mwendo ili nimtanie, kisha nikamwona uso. Alikuwa Aikaeli.

Niamini, sikuogopa. Nilifurahi! Nilizima pikipiki nikapiga kelele, "Dada! Umerudi lini kutoka Dar?"

Hakucheka, na hapo ndipo nilipoanza kumtazama vizuri, kwa sababu Aikaeli na kutocheka wapi na wapi. Baridi ilikuwa kali, pumzi yangu inatoka kama moshi. Mdomoni kwake hakikutoka kitu. Khanga yake ilikuwa imelowa udongo tangu kifuani kushuka chini, na alikuwa ananuka samadi, si ile ya zizi la leo, ile ya chini kabisa ya shimo.

"Nitue, kaka," akasema. "Nimechoka."

Ungefanyaje wewe? Dada yako anakuomba umtue mzigo, utakimbia? Nikaingiza bega la kulia, nikaupokea. Mama yangu! Mzigo wa majani anaobeba mwanamke mimi nabeba miwili, lakini ule ulinikandamiza mpaka goti likagusa lami. Nikausukuma chini kwa nguvu zangu zote, na ulipoanguka nikaona kilichomo. Hayakuwa majani ya ng'ombe. Ilikuwa isale tupu, jani juu ya jani, na kila jani limefungwa fundo.

"Walioomba ni wao," akasema, "na waliopokea ni wengine. Mimi ndiye wamenibebesha. Mwambie mama sijaenda Dar."

Nikamuuliza yuko wapi.

"Unapajua. Umepapima juzi."

Kisha akasema, "Aika, kaka," yaani asante kwetu, akageuka akaanza kupanda, shingo imenyooka, hana mzigo tena. Ukungu ukamfunika. Nilipotazama chini, palikuwa na udongo mbichi tu umemwagika barabarani, na minyoo ndani yake.

Watu huniuliza kama nilikimbia. Sikukimbia. Hofu nilikuwa nayo, lakini hasira iliipita mbio. Umepapima juzi! Nilisimama juu ya dada yangu nimeshika futi, na yule mwanaharamu amesimama pembeni ananichekea! Alimfukia kama mbwa, halafu akaogopa. Polisi hakuwaogopa, wala Mungu. Alimwogopa yeye, Aikaeli. Mchagga anaweza kuua mkewe, lakini kumlaza maiti bila isale juu yake, hapana, huyo atamsumbua. Akapanda. Isale haikumtosha, akataka na zege. Na geti la zege hilo nilitengeneze mimi.

Nilimkuta mama mdogo uani anakatakata mgomba kwa panga, chakula cha ng'ombe. Nikamwambia yote, sikuficha kitu. Nilitegemea atapiga yowe. Aliuliza swali moja tu, "Amekonda?"

Nikamwambia hapana. Akainama, akaendelea kukata kidogo, panga likamponyoka mkononi. Ndipo alipolia.

Baba mdogo alitoka ndani akasikia. Ni mtu mwema, nisimseme vibaya, ila amelewa woga wa mila. Akasema, "Tulishapokea isale, Mama Aika. Ukifukua jambo lililosamehewa, unaita laana juu ya nyumba hii."

"Nyumba gani?" mama mdogo akamuuliza. "Hebu niambie, imebaki na nani?"

Baba mdogo akaingia ndani, akarudi amevaa koti lake, akapanda gari nasi mpaka polisi.

Huko sikutaja ukungu wala mzigo. Mimi si mjinga. Nilieleza kipigo, nikaeleza Dar ambayo hakuna mtu aliyewahi kupigiwa simu kutoka huko, nikaeleza zege linalotaka kumwagwa haraka haraka. Askari aliyetusikiliza, dada mmoja mtu wa Rombo, Mchagga mwenzetu, alikuwa anaandika tu. Nilipofika kwenye isale katikati ya kihamba, kati ya zizi na jiko, akaacha kuandika akanitazama. Hakuhitaji kufafanuliwa. Asubuhi iliyofuata mafundi wa zege walikuta askari wamesimama penye migomba, na kibali kilipotoka, wakachimba.

Alikuwa pale. Chini ya isale, chini ya samadi. Khanga niliyoiona barabarani ndiyo hiyohiyo.

Mumewe alifungwa pingu, wala hakubisha. Waliobisha ni wale wazee wa mbege. Walikuja mstari mmoja, makoti na fimbo, na mkubwa wao akaanza kwa upole wake wa kikao: "Mama Aika, uchungu wako tunaujua. Lakini nyinyi ni watu wa heshima. Mlishapokea isale yetu."

Mama mdogo ni mtu ambaye hajawahi kumpita mzee bila shikamoo. Siku hiyo hakumwamkia yeyote. Alimsogelea yule mzee, mzee akarudi nyuma hatua moja, naye akamwambia kwa sauti ambayo kijiji kizima kiliisikia:

"Mliniomba msamaha wa ugomvi. Ugomvi nimewasamehe, kunyweni mbege yenu. Huyu," akaonyesha shimoni, "huyu hamkuniomba."

Wazee wakageuka, wakaondoka na fimbo zao.

Tulimchukua Aikaeli tukamzika kwa mama yake. Ndiyo, mwanamke aliyeolewa huzikwa kwa mume, najua, kila mtu alitukumbusha. Tukawaambia waliotukumbusha washike koleo au watupishe.

Yule bwana yuko rumande, kesi inaenda inarudi. Wawili kati ya wale wazee wa mbege, waliobainika kuijua siri tangu mwanzo, wako nje kwa dhamana, na siku za gulio wanasalimiwa Kwa Sadala kama kawaida, shikamoo mzee, marahaba. Hilo ndilo linanichoma kuliko yote. Anayepiga gitaa ndiye wa shetani, na aliyekunywa mbege juu ya maiti ya mtoto wa watu ni mzee wetu! Ndipo tukatoa wimbo. Maneno yake ni machache, na kiitikio ni chake mwenyewe Aikaeli: sijaenda Dar. Nikikifikia kiitikio, bega la kulia linashuka lenyewe, kama kuna mtu kaniwekea kitu. Nimepigwa picha hospitali, mfupa hauna tatizo. Ukifika msimu wa ukungu siwezi kuinua hata bamba la geti kwa mkono huo, namwita mtu anisaidie.

Mwezi uliopita mdogo wake yule bwana alikuja kibandani kwangu. Kijana mpole, sidanganyi. Alileta jani la isale limefungwa fundo, akaomba wimbo uishe, yaishe. Nikazima mashine, nikavua miwani. Nikamwambia, "Unaomba nikusamehe nini? Kitaje."

Akatazama chini. Nikasubiri. Wateja wawili nao wakasubiri. Hakukitaja, akaliacha jani juu ya meza ya chuma akaondoka, nami sikuligusa mpaka upepo ulipoliangusha.

Basi na wewe unayesoma, uwe Mchagga au usiwe, sikiliza. Akikujia mtu na isale, au na goti, au na machozi, mkono wako uache mfukoni kwanza. Muulize anaomba msamaha wa nini, na akitaje kwa jina lake, mbele za watu. Asipokitaja, usipokee, hata wakutishe kwa laana ya namna gani. Ukipokea, wewe utalala vizuri. Kuna mwingine mahali ndiye atakayeubeba mzigo.