Barafu ya Kurosaki Fumiyo

Kurosaki Fumiyo, binti wa Kurosaki Tamotsu aliyechimba mfereji wa kaskazini kwa sepetu, mjukuu wa Bi Ise aliyeingia Hokkaido, kaskazini mwa Japani, na mbegu za vitunguu amezifunga kiunoni. Yeye mwenyewe ndiye aliyeumwagia maji uwanja wa shule ukaganda, tukasukuma juu yake mitungi ya gesi iliyojazwa saruji, maana mawe halisi ya mchezo huu, yale yanayotelezeshwa kwenye barafu mpaka ndani ya duara la shabaha, hatukuwa nayo. Nilikuwepo. Mtungi wangu ulivunja uzio wa mwalimu mkuu.

Tangu tujengewe ukumbi, miaka thelathini na tisa sasa, barafu ni yake. Hubeba tangi la maji ya moto mgongoni, akatembea kinyumenyume akirusha matone. Matone yanaganda yakawa vipele, na jiwe huteleza juu ya vipele hivyo. Pasipo vipele jiwe haliendi.

Mwaka huu mashindano ya majira ya baridi ya mataifa ya Asia, upande wa mchezo wa mawe wa wanawake, yakaletwa kwetu. Kamati ikamleta na Isozaki Rena kutoka Sapporo, binti wa miaka thelathini mwenye sanduku la vipimo, amsaidie kutunza barafu. Fumiyo ana miaka sabini na miwili na nyonga mbovu. Alikwisha kuamua kuacha kazi, lakini aliniambia jikoni kwangu, "Tangi nitalivua mwenyewe. Sitaki kuvuliwa mbele ya watu kama mlevi anayevuliwa viatu."

Siku tano barafu ilikwenda vizuri. Siku ya mwisho asubuhi, China na Kazakhstan wakigombea nafasi ya tatu, mawe yakaanza kufia njiani. Wasichana walifagia barafu mbele ya jiwe ili liteleze zaidi, mpaka mashavu yakaiva, jiwe likasimama tu.

Nahodha wa China akamwinamia Fumiyo. "Bibi, mawe yako leo yamelala."

"Hayajalala, mwanangu. Kuna kitu kimeyashika miguu."

Mwamuzi mkuu hakutania. "Fainali ni saa tisa. Nikiona hivi tena, Isozaki atachukua kazi."

"Mashine ya baridi imechoka," Rena akasema. "Tuishushe digrii mbili."

Fumiyo akapiga magoti, akapitisha ukucha juu ya barafu. Ukatoka na unga mweupe: mvuke ulioganda. Akainua pua.

"Tokie," akaniita. "Mmepika nini?"

Sisi akina mama wa mji tulikuwa tumeweka masufuria manne ya supu ya samaki na vitunguu nyuma ya viti, wageni wapate joto siku ya fainali. Mvuke ulipanda darini ukashukia barafu.

"Ni supu ya kukaribisha wageni," nikasema.

"Imeshawakaribisha. Toa nje."

"Fumi, nje theluji inaanguka."

"Basi watakunywa haraka haraka."

Sufuria la kwanza nilibeba mimi. Wenzangu walininunia, lakini watu walipanga foleni kwenye theluji ile ile, na hakikubaki hata kijiko kimoja.

Ndani, Rena aliendesha mashine ya kukwangua. Fumiyo akalibeba tangi, njia zote nne za kuchezea, kinyumenyume, wala hakuyumba. Rena akatoa kipimo, akakitazama, akakirudisha.

"Vipimo vinasema iko sawa."

"Nashukuru kwa kunijulisha."

Saa tisa, jiwe la kwanza la msichana wetu Haruna lilikwenda taratibu, likapinda mwishoni, likatua katikati ya duara kama mtu aliyejua kiti chake. Mwamuzi mkuu akafunga daftari. Korea walitushinda kwa jiwe la mwisho, na walistahili. Nahodha wao alikuja kumwinamia Fumiyo kabla ya kuwapa waamuzi mkono.

Watu walipotoka, Fumiyo akavua tangi. Hakuna aliyemwambia. Akamvisha Rena, akakaza mkanda wa kushoto.

"Jumatatu wanacheza watoto wa shule ya msingi. Mawe yao mepesi, kwa hiyo matone yawe madogo. Anzia upande wa mashariki."

"Utakuwepo, Bibi?"

"Nitakuwa kitandani. Saa kumi na moja alfajiri maji yawe yameshachemka."