Patani Zisizoteleza

Jamani, nichekeni tu, maana mwenyewe nimeshajicheka sana. Akina mama wa kanisani kwetu Gongoni tulikuwa tunamshonea mchungaji shuka la viraka vya vitenge. Patani za boksi, yaani vipimo tulivyofuata kukatia viraka, zilikuwa zimelegea kingo, nami nikajitia fundi. Nikachukua mfuniko wa plastiki wa ndoo ya asali ya mume wangu, nikaufuta kwa kanga badala ya kuuosha, nikakata patani za pembe sita za kutumia miaka yote.

"Mnaona? Hata hazitelezi kwenye kitambaa!" nikajisifu kwa wenzangu tulipoanza kuzikatia viraka.

Nyumbani mume wangu akauliza, "Mama Neema, mfuniko uko wapi? Sisimizi wameingia kwenye asali." Nikamwambia labda jirani kauazima.

Jumapili, nje ya kanisa, tukamvisha mchungaji shuka lile kwa vigelegele. Akaja nyuki mmoja. Wakaja wenzake, wakatulia kwenye viraka kama waliofika kwao. Mchungaji akalitupa, akakimbia. Mume wangu, mrina asali tangu ujana wake kijijini Kigwa, akaliokota taratibu, akagusa kiraka, akalamba kidole, akanitazama mbele ya watu wote.

"Mama Neema," akasema, "mfuniko nimeupata."