Tausi wa Funguo

Mtaa mzima ulimwita Mama Kufuli, na hata yeye akipokea simu alijitaja hivyo hivyo. Alirithi kibanda, mashine ya kuchonga funguo na jiriwa la kubania vyuma kutoka kwa marehemu mumewe, na waliodhani angeviuza vyote kabla mwaka haujakatika waliishia kuwa wateja wake. Ukimpelekea ufunguo ulioliwa na kutu aliupitishia kidole gumba kwenye meno, akaguna, kisha akakuchongea mpya unaoingia bila kubembelezwa. Na mdomo alikuwa nao. Mteja akipoteza ufunguo mara ya pili, aliulizwa kama angependa wa safari hii afungiwe shingoni kama kengele ya mbuzi.

Pale mtaani walikuwa na mazoea yao: kila aliyechongewa ufunguo aliacha wa akiba kibandani. Ubao wenye misumari ulikuwa ukutani nyuma ya mashine, na funguo za watu zimening'inia hapo bila jina wala namba. Kila mmoja ulizungushiwa uzi wa rangi yake, na maana ya rangi ilikaa kichwani mwa Mama Kufuli, na mwa yeyote aliyewahi kufanya kazi pale. Kijani ni duka la dawa. Bluu ni mwalimu mkuu. Njano ni yule bibi anayejifungia nje kila akitoka kumwaga maji. Nyekundu ilikuwa ya damu yake mwenyewe, na ufunguo wenye uzi mwekundu ulikuwa mmoja tu, wa mdogo wake.

Huyo mdogo wake ndiye kiini cha habari hii, kwa hiyo tumweleze vizuri. Aliolewa na kijana aliyejifunza kazi pale pale kibandani, mikononi mwa marehemu. Mbele za watu mpole kama maji ya mtungini, hodari wa tupa kuliko hata mwalimu wake, lakini nyumbani ngumi. Mke alivumilia mpaka siku alipovunjwa mkono. Mama Kufuli akaenda kumchukua mwenyewe, na kifurushi chake cha nguo, akampangia chumba hatua chache kutoka kibandani, akatia mlango wa chuma na kitasa alichokihangaikia kama mtu anayehangaikia dawa ya mgonjwa. Shemeji akaja. Akaupiga mateke mlango ule mchana kweupe. Akaja tena na nyundo, akaja na maneno matamu, na kitasa hakikujali kimoja wala kingine.

"Lala usingizi, mdogo wangu," Mama Kufuli alimwambia. "Hapa haingii mtu asiye na ufunguo, na ufunguo tunao wewe na mimi."

Yule dada akaanza kulala. Akaanza hata kunenepa, na kuimba akifua.

Sasa, aliyeleta mambo ya mitandao ni mwenye stesheneri, jirani wa ukuta mmoja, mcheshi asiye na mke wala haraka, ambaye kompyuta yake ilichapa barua za watu asubuhi na kumpotezea muda mchana. Siku moja biashara imelala, akamwita Mama Kufuli aje aone kioja. Ilikuwa tovuti ambayo unachora kiumbe chochote kwa kidole, hata kiwe kibovu vipi, nacho kinainuka na kutembea. Mama Kufuli alichora kitu alichodai ni ng'ombe. Kikatembea kikiyumba kama mlevi, na yeye akacheka mpaka akashika mbavu.

Basi, ikawa ndiyo kazi. Mchana ukipooza yuko stesheneri. Wakagundua tovuti ambayo watu huweka sauti ya mvua inavyonyesha kwenye bati la kwao. Wakagundua nyingine ya vitu vilivyobaki bila wenzao: wewe una kifuniko cha buli, buli lenyewe limevunjika, unakipiga picha, na mahali fulani duniani yuko mtu mwenye buli linalolia kifuniko. Mama Kufuli alistaajabu sana. Kumbe dunia imejaa watu wasio na kazi kama sisi, alimwambia jirani, na ulikuwa unanificha!

Iliyomteka kabisa ni ile ya watu wanaounda vitu kwa mabaki. Mmoja kaunda farasi wa vijiko, mwingine kaunda bibi harusi wa vifungo vya mashati. Mama Kufuli alikuwa na kopo zima la funguo zilizokosewa. Akazipanga juu ya kitambaa cheusi, akatoa kuku, akampiga picha, na mwenye stesheneri akamfungulia ukurasa wake. Kabla ya jua kuzama yule kuku alikuwa amepewa mioyo mingi kuliko aliyopewa Mama Kufuli maisha yake yote. Mwenyewe ndiye aliyesema hivyo, na alisema akicheka, ila ilimgusa. Mjane anayeshinda na chuma kutwa nzima haambiwi mara nyingi kwamba mikono yake ina uzuri.

Akaunda bata, akaunda kunguru. Na kila ndege alipotoka, wa kwanza kumsifu alikuwa mtu mmoja aliyejiita Mpenda Ndege. Huyo hakuwa wa kubonyeza moyo na kupita. Aliandika. Aliuliza ametumia tupa gani kulainisha, akasifu alivyozilaza funguo, akasema fundi wa aina hii hazaliwi kila siku. Mama Kufuli akavikwa kilemba cha ukoka, naye akakivaa, akajitazama kwenye kioo. Mwenye stesheneri akamtania kwamba amepata mchumba wa hewani. Hakukana kwa nguvu sana.

Kopo likaisha. Ndipo Mpenda Ndege akaandika kwamba tausi ndiye angefaa sasa, na kama angekuwa na funguo zenye rangi rangi, mkia ungetoka wenyewe. Jamani. Mtu hujawahi kumwona, hajawahi kukanyaga kibandani kwako, anazijuaje funguo zenye rangi? Swali hilo lilikuwepo pale, jeupe, la kuokotwa, na Mama Kufuli alilipita. Aligeuka tu, akautazama ubao.

Mchana ule akazishusha funguo za mtaa mzima, akazitandaza mkia. Wengine wangezirundika, na tausi angependeza vilevile. Lakini fundi funguo halazi ufunguo ovyo. Aliulaza kila mmoja ubavu, meno yakionekana yote, hakuna unaomfunika mwenzake, kama anavyouweka siku zote kabla ya kuuchonga, ili jicho lisome. Ule wenye uzi mwekundu, kwa kuwa ulikuwa peke yake, akaufanya kishungi cha kichwani.

Mdogo wake alipita kumsalimia akamkuta ameinama juu ya meza. Alimsifu ndege, kisha akauona ufunguo wake, na uso ukambadilika. Akaomba utolewe.

"Acha woga," Mama Kufuli akasema. "Picha haifungui mlango."

Yeye! Yeye aliyewahi kumchongea mteja ufunguo kwa alama iliyobaki kwenye kipande cha sabuni. Mganga hajigangi, ndiyo hiyo. Mdogo wake hakubishana, alikuwa ameshazoea kuamini kwamba dada anajua. Akaenda zake, na tausi akaruka mtandaoni.

Jibu la Mpenda Ndege halikuchelewa. Tausi ni malkia, akasema, na kishungi kimemtoa machozi. Akaomba picha nyingine, ya kishungi peke yake, simu ikae juu yake wima kabisa, mwanga wa kutosha. Na aweke kiberiti kando, tujue huyo ndege ana ukubwa gani. Mama Kufuli akaenda kutafuta kiberiti.

Baada ya hapo Mpenda Ndege akanyamaza. Mama Kufuli alikuwa akichungulia kila mchana, akirudi mashineni na midomo imemshuka, na jirani akamtania kwamba ameachwa. Funguo zilikuwa zimerudi kwenye misumari. Mtaa ulikuwa kimya, mdogo wake alikuwa akiimba akifua, na kama ungemuuliza mtu yeyote angekuambia mambo ni shwari.

Kisha mchana mmoja mwenye stesheneri akagonga ukuta. Mchumba amerudi, akasema, njoo uone, naye kumbe ni fundi. Kwenye kioo kulikuwa na picha ya kiganja cha mtu, na juu yake ufunguo mmoja wa shaba, mpya, uliochongwa kwa mkono. Chini yake kaandika: Kazi yangu ya kwanza. Asante, mwalimu.

Jirani aliona ufunguo. Mama Kufuli alisoma meno. Refu, fupi, fupi, refu, na lile la mwisho lililokatwa mshazari. Aliyasoma mara ya pili akiomba awe amekosea. Halafu akaona mikwaruzo ya tupa imelala upande mmoja, mtindo wa marehemu, ambao alimfundisha mwanafunzi mmoja tu. Alichomoa ufunguo wenye uzi mwekundu kwenye msumari, akatoka akiacha mashine inazunguka, na simu ya mdogo wake aliyoipiga njiani ikaita mpaka ikakata.

Mlango ulikuwa umefungwa. Hauna mkwaruzo. Watoto wa jirani walikuwa wakicheza mbele yake kana kwamba hakuna kitu, kwa sababu hawakusikia kitu: mtu alikuja, akafungua, akaingia kama mwenye nyumba. Mama Kufuli akatia ufunguo. Ukaingia nusu ukagota, maana kwa ndani kulikuwa na mwingine.

Akaita. Kiti kikasogea sakafuni. Kisha ikaja sauti ya mdogo wake, ndogo, karibu sana na mlango.

"Dada, anasema ufunguo umempa wewe."

Mama Kufuli alishika chuma kile kwa mikono miwili.

"Dada, ni kweli?"

"Ni kweli," akasema. "Sikujua, mdogo wangu. Sikujua kama ni yeye."

Ndani, mwanamume akacheka taratibu. "Umesikia?" akamwambia mkewe.

Hapo Mama Kufuli akapiga ukelele, na mtaa ukajaa. Mchomeleaji akaja na mashine yake ya kukatia. Lakini mlango ule aliuchagua yeye, na kitasa kile alikichagua yeye, makusudi, ili mtu yeyote apate tabu kuvipita. Walikata, cheche zikiruka, na kila mashine ilipotulia kidogo walisikia yanayotendeka upande wa pili. Alikaa chini kwenye vumbi akaziba masikio, kisha akaona haya kuyaziba, akayazibua.

Mdogo wake hakufa. Jicho moja halikufunguka tena. Mume alitoka mikono juu, akapelekwa na askari, na alipompita shemeji yake alimwamkia kwa adabu.

Wiki ile majirani walikuja kibandani mmoja mmoja. Hakuna aliyemtukana. Kila mmoja alisema anahitaji ule wa akiba mara moja tu, akauchukua, hakuurudisha, na ubao ukabaki misumari mitupu. Yule bibi wa uzi wa njano alikuja wa mwisho, akamshika bega, lakini naye akauchukua.

Mdogo wake alipotoka hospitali alihama. Hakusema anahamia wapi. Hupiga simu mara moja moja, kwa namba isiyoonekana, na wanaulizana hali, nani kazaa, nani anaumwa. Mama Kufuli hujizuia, hujizuia, mwishoni humtoka: mlango wako huko ni wa aina gani, kitasa amekutilia nani, una uhakika naye?

"Hilo niachie mimi, dada," mdogo wake humwambia, bila hasira yoyote, na kumtakia usiku mwema.