Kizingiti cha Ukumbi wa Mababu

Mlinda mlango wa ukumbi wa mababu kijijini kwetu ni mama mzee mwenye goti bovu na sauti isiyougua. Basi la watalii likifika, yeye huwa keshaketi ndani kwenye kigoda, anabangua mbegu za alizeti kwa meno, macho miguuni mwa watu. “Inua mguu! Wewe wa viatu vyekundu, ukikanyaga kizingiti umekanyaga mabega ya mababu!” Nilipoandika barua kuomba kizingiti kile kinachofika magotini kiondolewe ili wazee waingie, alinicheka: “Chuo kimekufundisha kubomoa tu, mjukuu wangu?”

Jana bibi mmoja wa ukoo wetu, aliyehamia mjini zamani, alishuka kwenye basi aje kumchomea marehemu mama yake udi. Aliinua mguu mara tatu, akashindwa, akageuka huku akijifuta machozi. Mlinda mlango akatema maganda, akachungulia huku na huku. “Dada, kaa juu yake, zungusha miguu. Waliokataza walisema kukanyaga. Kukalia hawakutaja.” Bibi akakaa, akazungusha miguu, akaingia. Ndipo nilipoelewa kwa nini katikati ya kizingiti pamesuguliwa pakang’aa, upana wa makalio ya mtu mmoja.